KUBADILI MKANDA WA TAIMINGI NYUMBANI

Mwanachama mwenye pikapu kuukuu ya dizeli huwa mwangalifu sana wa oili, matairi na breki, na ni haki yake, maana vitu hivyo vyaonekana. Kipo kimoja kisichoonekana, nacho ni mkanda wa taimingi uliofunikwa kwa kava mbele ya injini. Mkanda wa feni ukichoka hupiga kelele, na mwenye gari akasikia. Huu wa taimingi hausemi neno. Asubuhi gari huwaka vizuri, na saa sita mchana mkanda umekatika.

Tutaeleza hapa jinsi ya kuubadili uani kwako, na mifano mingi tutaitoa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mwandishi wa makala haya alikaa miaka kadha. Yafaa kusema kwa nini huko. Gari za dizeli za zamani ni nyingi sana huko, gereji zenye mashine za kuchongea ziko mbali, na watu imewapasa kuijua kazi hii wenyewe. Sisi wa visiwani nasi hungojea vipuri vivuke bahari, basi hali zetu hazipishani sana na zao.

Kwanza tujue mkanda huu wafanya kazi gani. Chini ya injini iko krenki, inayosukumwa na pistoni. Juu iko kemshafti, inayofungua na kufunga valvu. Pembeni iko pampu ya dizeli. Vyote vitatu lazima viende kwa mpango mmoja: krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti na pampu huzunguka mara moja tu. Mkanda wa mpira wenye meno ndio unaolinda mpango huo. Katika injini ya dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, kemshafti husimama pale pale ilipo, baadhi ya valvu zikiwa wazi, na pistoni zingali zinapanda kwa nguvu. Huzigonga. Valvu hupinda, na vyuma vinavyozisukuma huvunjika.

Sasa fikiri gari imekatikiwa na mkanda kati ya Lusahunga na Nyakahura, katika njia ile ya kama kilomita 90 iendayo Rusumo. Ni njia ya mapori. Kwa miaka mingi watu waliiogopa kwa sababu ya majambazi, na mabasi yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Dereva aliyefungua boneti huko jua likizama, na abiria wake nyuma, hakuwa akiwaza bei ya vipuri. Na akivutwa hadi Biharamulo salama, bado silinda hedi yahitaji kuchongwa, na kazi hiyo mara nyingi huipeleka Mwanza. Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, mtu alipanga foleni ya kivuko huku silinda hedi imefungwa ndani ya gunia. Hayo yote kwa mpira mmoja ambao hata mtoto aweza kuubeba.

Si kila gari ina mkanda huu, basi usije ukafungua injini bure. Land Rover za zamani, Series II na III, hutumia mnyororo. Malori makubwa kama Scania hutumia giya za chuma. Gari ndogo nyingi za Toyota zilizotoka tangu miaka ya 2000 zina mnyororo pia. Corolla za petroli za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE zina mkanda, ila ukikatika injini husimama tu, pistoni hazifiki kwenye valvu. Wenye kuhitaji hadhari ni wenye Hilux na Hiace za dizeli, yaani injini za 2L, 3L na 5L. Wenye Land Cruiser za 1HZ. Na wenye Land Rover za Tdi.

Hizo Land Cruiser na Land Rover ndizo zilizojaa Ngara tangu mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa mji wa turubai. Mashirika ya misaada yalikuja na gari zao, na mafundi wa wilaya ile wakapata shule ambayo hawakuiomba.

Lini ubadilishwe? Toyota katika dizeli zake nyingi waliweka taa ndogo iliyoandikwa T-BELT, nayo huwaka gari ikifika kilomita 100,000, au 150,000 kwa baadhi. Taa hiyo watu huielewa vibaya. Haiupimi mkanda hata kidogo. Inahesabu kilomita tu. Aliyebadili mkanda akasahau kuirudisha taa, au muuzaji aliyeizima bila kubadili kitu, wote wawili wamekuachia taa ya uongo. Gari ya mkono wa pili isiyo na karatasi za matengenezo ihesabu kuwa mkanda wake umekwisha, na uubadili.

Tena kilomita peke yake hazitoshi. Vumbi jekundu la Biharamulo huingia ndani ya kava lililopasuka na kusaga meno ya mkanda kama tupa. Land Rover Tdi, inayostahili mkanda mpya kila kilomita 96,000 hivi, hupewa nusu ya hizo ikiwa yafanya kazi kwenye vumbi na njia mbaya. Kwetu Unguja na Pemba shida ni kinyume: safari ni fupi, na gari yaweza kukaa miaka kumi isifike hata nusu ya kilomita zile, lakini mpira huzeeka hata ukikaa kitako. Miaka mitano imetosha.

Na adui mkubwa kuliko vumbi ni oili. Oili sili ya krenki au ya kemshafti ikivuja, mkanda hulowa, mpira hulainika, na meno hung'oka. Land Rover Tdi ina tundu dogo chini ya kava la mkanda, linalozibwa kwa plagi wakati wa kuvuka maji. Watu wakishavuka huiacha plagi mahali pake. Itoe, maana oili ikianza kudondoka katika tundu hilo ndiyo habari pekee utakayopata.

Sasa kazi yenyewe. Tutaeleza ya Hilux, maana ndiyo iliyo kwa wengi. Ya 1HZ ni nyepesi zaidi, kwa kuwa krenki yake huzungusha pampu kwa giya na mkanda ni mfupi, kutoka pampu kwenda kemshafti tu.

Nunua pamoja mkanda, tenshena (ile beringi inayoukaza) na oili sili za mbele. Kuweka mkanda mpya juu ya beringi ya zamani ni kutupa fedha; beringi ikikwama, mkanda mpya hukatika kama wa zamani. Nunua kwa mtu unayemjua, kwani mikanda ya kuigiza ipo madukani na maboksi yake ni mazuri kuliko ya asili.

Fanya kazi injini ikiwa baridi kabisa, gari pahala sawa, magurudumu yamewekewa mawe. Toa waya wa hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta, kisha itoe rejeta yenyewe; wengine huiacha ili kuokoa nusu saa, wakamaliza saa tatu wakijikwaruza vidole. Toa feni na mikanda yake.

Boliti ya puli ya krenki imekazwa sana, basi ilegeze kwanza kabla ya kupanga alama zozote. Weka giya ya mwisho, mwenzako akanyage breki kwa nguvu, nawe tumia spana yenye bomba refu. Nyundo haina kazi hapa. Nimeona puli iliyopigwa nyundo Ngara mjini ikazunguka imepinda maisha yake yote, ikila mikanda ya feni. Ikiwa haitoki, azima chombo cha kuvutia puli.

Boliti ikiisha kulegea, rudisha giya kati na utoe plagi zile za kupashia moto silinda, injini izunguke kwa mkono bila kushindana nawe. Zungusha krenki kuelekea mkono wa kulia, ukiitazama kwa mbele, mpaka alama ya puli ikutane na alama ya injini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili na kemshafti mara moja, alama ya krenki hukutana mara mbili, lakini moja tu ndiyo ya kweli. Ukiona alama ya kemshafti haiko mahali pake, zungusha krenki mzunguko mmoja mzima tena. Alama zote tatu, ya krenki, ya kemshafti na ya pampu, zikiwa sawa, ndipo utoe puli na kava. Kabla hujagusa mkanda, weka na alama zako mwenyewe kwa rangi nyeupe, kwani zile za kiwandani mara nyingi zimefunikwa na uchafu.

Legeza tenshena, isukume kando, ibane hapo, kisha utoe mkanda. Kuanzia sasa usizungushe kitu chochote. Safisha kwa kitambaa kikavu, badili oili sili na tenshena, ufute kila tone la oili. Mkanda mpya usiukunje wala usiuchokonoe kwa bisibisi. Uanzie kwenye krenki, uende pampu, umalizie kemshafti, upande usio na tenshena ukiwa umenyooka barabara. Kisha iachilie tenshena springi yake iusukume mkanda yenyewe. Si kazi ya mkono wako kuamua ukazwe kiasi gani.

Sasa rudisha boliti ya krenki na uzungushe injini kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili, kuelekea kulia. Ukihisi chuma kimegota chuma, simama hapo hapo na upange upya. Usilazimishe, na kwa vyovyote usitumie stata. Kijana mmoja Biharamulo alipanga kila kitu kwa uangalifu siku nzima, jioni akachoka, akapiga stata ili amalize. Mkanda ulikuwa umeruka meno kadha. Valvu nne zilipinda kwa sekunde moja, katika injini iliyokuwa nzima. Kwa spana angegotesha kidogo tu, na hasara isingekuwapo.

Mizunguko miwili ikiisha, tazama alama tena. Zikiwa sawa, kaza boliti za tenshena. Ikipishana hata kwa jino moja, rudia. Gari itawaka, lakini itatoa moshi, itakosa nguvu mlimani, na utalaumu nozeli bure. Rudisha kava, puli, plagi, feni na rejeta, jaza maji, unganisha betri. Wakati wa kuwasha kwa mara ya kwanza watoto wakae mbali na feni.

Mwisho, chukua rangi ile ile nyeupe, uandike juu ya kava tarehe ya leo na kilomita zilizo kwenye saa ya gari. Taa ya T-BELT nayo irudishwe mwanzo siku hiyo hiyo.