Tatuaji: dola 20 kwa mwenye kuchora, na zingine kwa nani?

Jina la rafiki yake lina herufi sita. Walichimba pamoja miaka minne hapa Kolwezi, mpaka siku udongo ulimwangukia yule mwenzake chini. Sasa kijana (jina lake yeye hatuliandike) anataka lile jina libakie kwa mukono wake. Akaenda kuona mwenye kuchora tatuaji.

«Yaya, ni ngapi?»

«Dola makumi mbili. Tukianza leo, leta kumi na tano.»

Akarudi nyumbani kutafuta makuta. Bibi yake akamuuliza neno moja tu: «Na bunga?»

Mama ana haki. Lakini hata zile dola 20 haziko bei yote.

Mwenye kuchora anauzisha kwanza saa zake. Jina fupi linaweza kumalizika kwa saa moja. Sura ya muntu, yenye kivuli na rangi, inaweza kukamata siku muzima, ao kuomba urudi mara mbili, tatu. Rangi inapita wino mweusi kwa bei. Kwa vidole, wino unafutika mbio, utalipa tena. Kisha kuna vitu vya kutumika mara moja na kutupwa: sindano, kikombe kidogo cha wino, ganti za mikono. Kama bei imeshuka sana, ujiulize ni kitu gani kati ya hivi wameondoa.

Omba sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Akikasirika, vaa shati yako uende. Sindano iliyopita kwa muntu mwingine inaweza kuleta SIDA, hepatiti B ao C. Virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi inje ya mwili siku 7, hata damu yenyewe haionekane tena. Kupangusa sindano na pombe hakutoshi.

Sasa tufike kwa shimo, juu ya pale njo makuta mingi inapotea. Tatuaji mupya ni kidonda. Ngozi ya juu inaomba wiki mbili ao tatu ili ipone. Wakati ule hakuna vumbi, hakuna maji machafu, hakuna kamba ya kusugua mukono, hakuna jasho la siku muzima. Ni kusema: hakuna kazi ya kuchimba. Mama anayesafisha mawe mutoni, vilevile. Mwenye kutumika ku usine, karibu na asidi, heri angojee konji yake.

Tufanye hesabu. Tuseme siku nzuri inakuletea dola 8. Siku 12 bila kushuka ni dola 96. Ongeza dola 20 za kuchora, na dola 4 za sabuni isiyo na harufu na mafuta ya kupakaa. Umefika dola 120. Na kama kidonda kimeoza, ongeza dawa na siku zingine.

Wengine wanangojea wakati wa mvua, mashimo yakijaa maji na kazi kulala. Wengine wanangojea zamu yao ya likelemba. Ni vizuri, kama minervale ya watoto imekwisha kutoka kwanza. Lakini kuomba avansi kwa mununuzi wa mawe juu ya tatuaji, hapana! Siku utaleta mifuko yako, yeye njo atakata bei, na utanyamaza.

Tena, kufuta ni ghali kuliko kuandika: lazeri inaomba kurudi mara mingi, na alama inaweza kubakia. Jina la marehemu halibadilike. La muchumba, ngojea kidogo.

Kijana wetu aliongea na bibi yake usiku mbili. Wamepatana: zamu yao ya likelemba iko mwezi wa kumi na mbili, masomo kwanza, kisha mukono. Kwa sasa ameandika zile herufi sita kwa kofia yake ya kazi, na rangi nyeupe iliyobakia kwa jirani.