Moto wa Motokaa Kuukuu

Mwenye motokaa ya zamani huogopa kuambiwa na fundi neno hili: "Mfumo wote wa moto umekufa, sharti tubadili kila kitu." Leo twataka kueleza moto huo hutoka wapi na hupita wapi, na kwa nini haifai kufungua mfuko kabla ya kujua umepotelea mahali gani. Hatuzungumzi habari za motokaa za siku hizi, ambazo nyingi zina koili juu ya kila plagi, na kompyuta ya kuziongoza. Twazungumza habari za zile kuukuu zenye distributa na pointi, ambazo bado zaonekana katika barabara zetu zikichukua magunia ya viazi, na siku nyingine bibi arusi.

Sisi wenyewe tunayo Peugeot 504. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1968, na mwaka 1975 moja iliyoendeshwa na Ove Andersson ilipata ushindi katika mashindano ya Safari huko Kenya. Yetu haijashinda kitu ila matope. Lakini ndiyo ituchukuayo chuoni, na ndiyo majirani waijiayo usiku mtu anaposhikwa na uchungu wa kuzaa.

Masika moja tulikuwa twapanda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Kabla hatujafika nusu ya njia injini ilianza kukohoa, kisha ikazimika kabisa. Tukaisukuma kando tukangoja. Baada ya nusu saa ikawaka kana kwamba haikuwa na neno, ikaenda maili chache, ikazimika tena. Tulipofika mjini, fundi wa gereji moja alifungua boneti, akatazama kitambo kidogo, akataja dawa yake: distributa mpya, koili mpya, waya zote na plagi nne. Bei yake ilikaribia mshahara wetu wa mwezi mzima. Fedha zilizokuwamo nyumbani zilikuwa ada ya mtoto wetu, na shule ilikuwa yafunguliwa baada ya majuma mawili. Tukaomba siku moja ya kufikiri.

Sasa tuutazame moto wenyewe. Betri ya motokaa ina nguvu ya volti 12. Nguvu hiyo yatosha kuwasha taa, lakini haiwezi kuruka hewani kutoka chuma hadi chuma ndani ya silinda, mahali ambapo mchanganyiko wa petroli na hewa umeshindiliwa sana. Kwa kazi hiyo zatakiwa volti elfu nyingi, kumi au ishirini au hata kuzidi. Ni nani azaliye maelfu katika kumi na mbili? Ni koili.

Ndani ya koili mna kipande cha chuma kilichozungushiwa waya mbili. Ya kwanza ni nene, nayo yazunguka mara mia chache. Ya pili ni nyembamba kama unywele, nayo yazunguka mara elfu nyingi. Mwaka 1831, Michael Faraday alionyesha huko London kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika karibu na waya, umeme huzaliwa katika waya ule. Basi umeme wa betri upitapo katika waya nene, chuma hugeuka kuwa sumaku. Umeme ule ukikatwa kwa ghafula, sumaku nayo hutoweka kwa ghafula, na katika waya nyembamba huzaliwa umeme mkali sana. Neno la kushika hapa ni "ghafula". Mlango ukishindikwa polepole hapana asikiaye. Ukibamizwa, nyumba nzima hushtuka.

Wa kuubamiza mlango huo ni pointi, yaani vidomo viwili vidogo vya madini magumu vikaavyo ndani ya distributa. Mhimili wenye pembe nne huzunguka kando yao, na kila pembe ipitapo, vidomo huachana kwa mwanya mdogo, katika Peugeot yetu kiasi cha milimita 0.4. Juu ya mhimili huo huo hukaa rota, ambayo huupokea umeme mkali kutoka koili na kuugawa kwa waya nne za plagi, kila silinda kwa zamu yake. Mpango huu wa betri, koili na pointi uliingizwa katika motokaa na Charles Kettering wa Dayton, Marekani, nazo Cadillac za mwaka 1910 zilikuwa nao. Mtu asidhani kwamba ni kazi ndogo. Injini ya silinda nne izungukapo mara 3,000 kwa dakika, vidomo vile huachana mara 100 katika kila sekunde moja.

Kimebaki chombo kimoja, nacho ndicho kidogo kuliko vyote: kondensa. Ni kikopo cha chuma kisichozidi kidole gumba, chenye waya mmoja. Pointi zinapoachana, umeme hautaki kukatika, wataka kuruka ule mwanya. Kondensa huupokea kwa nukta moja ya wakati, mpaka mwanya umekuwa mpana wa kutosha. Kondensa ikiharibika, umeme huruka kati ya vidomo na kuviunguza, mlango hushindikwa polepole, na plagi hupata cheche dhaifu. Na kondensa mbovu ina tabia ya kufanya kazi ikiwa baridi na kushindwa ikipata joto.

Jioni ile tulikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu, ambaye alitengeneza malori miaka mingi kabla macho yake hayajapungua. Tulimwamkia, tukamweleza yote. Hakutazama injini. Alisema, "Mwalimu, homa haipimwi mgonjwa akiwa amepoa. Iendeshe kwanza mpaka iugue." Tukaizungusha mlimani mpaka ikaanza kukohoa, ndipo akakubali kuinama.

Kwanza alitaka kungoje giza. Waya za plagi zenye nyufa huvuja umeme, na gizani mtu huona vicheche vya buluu vikitambaa juu yake. Hatukuona kitu. Kisha alichomoa ule waya wa katikati utokao koili, akaushika kwa vibanio vya mti mkavu, ncha yake ikiwa karibu na chuma cha injini, akatuambia tuzungushe stata. Cheche ilitoka, lakini nyembamba na nyekundu-nyekundu, wala haikuwa na mlio. Cheche nzima huwa ya buluu na hualika. Kwa ishara hiyo alijua kwamba plagi na waya zake hazikuwa na hatia, maana moto ulikuwa dhaifu kabla ya kuwafikia. Twawasihi wasomaji wasijaribu jambo hili kwa mkono mtupu, wala mahali palipomwagika petroli. Umeme huo hutupa mtu chini, na mwenye moyo mgonjwa waweza kumdhuru zaidi.

Ndipo akafungua distributa. Kidomo kimoja kilikuwa na shimo, na cha pili kilikuwa na kilima kidogo kilicholingana na shimo lile, na stata ilipozungushwa tukaona umeme ukiruka kati yao kwa wingi. Mwanawe alipima koili kwa mita: waya nene ilionyesha kiasi cha ohmu 3, na waya nyembamba elfu kadhaa, kama ipasavyo. Basi mzee akatafuta katika bati lake la misumari, akatoa kondensa ya zamani, akaifunga kwa waya upande wa nje ili kujaribu tu. Cheche ikaalika, ya buluu. Kesho yake tulinunua kondensa na pointi mpya kwa bei ya jogoo wawili.

Je, fundi wa gereji alitaka kutuibia? Hatusemi hivyo, na mzee naye hakusema. Aliushika ule mhimili wa distributa kwa vidole viwili akautikisa, nao ukacheza. "Yule bwana hakusema uongo wote," akatuambia. Bushi zinazoushika mhimili zimelika. Na mhimili uchezapo, mwanya wa pointi hupanuka na kupungua wenyewe, na moto hutoka mapema au kwa kuchelewa. Kwa hiyo distributa yetu kweli ni nzee. Lakini ugonjwa uliotulaza barabarani siku ile haukuwa huo. Makosa ya fundi yalikuwa kutopima: alitaka kubadili vitu vyote ili kile kibovu kisikose kuwamo, na gharama ya kubahatisha kwake iwe juu yetu. Mtu akiambiwa abadili vitu vinne pamoja, na aulize, "Ni kipi kati ya hivi ulichokiona kikishindwa, na ulikionaje?" Fundi mwema hakasiriki kwa swali hilo.

Na habari ya distributa, kuna njia tatu mbele yetu. Kununua mpya ni ghali, na kununua iliyokwisha tumika ni bahati nasibu, kwa kuwa huenda bushi zake zimelika kuliko zetu. Njia ya pili ni kuondoa pointi na kutia kifaa cha elektroniki kisicho na vidomo vya kuungua. Ni kizuri, lakini kikifa njiani hakuna la kufanya, hali pointi zaweza kusuguliwa kwa msasa zikatufikisha nyumbani. Ya tatu ni kumpelekea fundi mwenye mashine ya kukereza chuma, akatutengenezee bushi mpya tu. Sisi twaipenda hii ya tatu, na tumeanza kuweka akiba kwa ajili yake.

Ada ililipwa. Motokaa yapanda Lushoto bila kukohoa, na kila mwisho wa mwezi twafungua distributa, twapima mwanya wa pointi, na kuutikisa mhimili kwa vidole viwili kuona kama umezidi kulegea.