Bati la Udongo: Kutafuta Njia Tulivu za Baiskeli Bukoba na Muleba

Ukifika pale njia ya udongo inapoachana na lami, juu ya Kemondo, usihangaike kutafuta kibao. Angalia chini. Kama udongo umejikunja vijituta vinavyofuatana kama bati la paa, jua magari yanapita hapo mara nyingi tena kwa kasi, na baiskeli yako itatetema mpaka kengele ijilie yenyewe. Kama udongo umetulia, una alama moja nyembamba ya tairi na nyayo za mbuzi, ingia.

Kanuni hiyo niliijua kwa makalio kabla ya kuisoma popote. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walieleza jaribio ambalo hata fundi wa mtaani angelielewa. Walitandaza mchanga kwenye meza ya duara inayozunguka, wakaweka gurudumu juu yake, wakaongeza mwendo kidogo kidogo. Chini ya kasi fulani mchanga ulibaki bapa. Kasi ilipozidi kiwango hicho, gurudumu lilianza kurukaruka: likigonga kibonyeo kidogo linaruka, likitua linasukuma mchanga mbele na kuzaa kituta, na kituta kinalirusha tena. Gurudumu gumu lisilo na springi wala upepo lilifanya yale yale. Kwa hiyo wanaolaumu springi za malori wanazionea. Kosa ni la kasi na uzito juu ya udongo uliolegea. Ndiyo maana greda likipita leo na kulainisha barabara, mabati yanarudi muda si mrefu, maana madereva hawajapunguza mwendo.

Basi bati ni kama daftari la mahudhurio. Barabara inajiandikia yenyewe nani kapita na kwa mwendo gani.

Bado kuna swali la milima. Mgeni akitazama Bukoba kutoka Ziwa Victoria huona kuta za mawe zimesimama juu ya mji, akakata tamaa ya baiskeli papo hapo. Lakini milima hii ina mpangilio. Ni migongo mirefu ya miamba ya mchanga ulioshikamana, inayokwenda kaskazini hadi kusini sambamba na ufuko, mmoja nyuma ya mwingine. Miamba hii ni ya kale mno, na wanajiolojia walipotafuta jina la kundi zima waliliita Bukoban, kwa jina la mji huu huu. Visiwa vilivyo mbele ya macho, Musira pale Bukoba, na Bumbire na wenzake upande wa Muleba, unaweza kuviona kama vipande vya nchi hiyo hiyo ambavyo maji yameviacha vikichungulia. Ziwa lenyewe halina kina cha kutisha, kama mita 80 panapozidi. Yapata miaka 17,000 iliyopita lilikauka, na wakati huo ungeweza kwenda Musira kwa baiskeli, kama baiskeli ingekuwepo.

Maji ya mvua yanafuata mpangilio huo huo. Tone likianguka upande wa magharibi wa mgongo, ziwa likiwa hapo nyuma karibu kabisa, halishuki ziwani. Linaingia bonde la mto Ngono, linakwenda kaskazini hadi mto Kagera, linavuka mpaka wa nchi, ndipo linamwagika Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mwendesha baiskeli mwenye akili huiga tone hilo: anakwenda urefu wa mgongo au urefu wa bonde, na kuvuka mgongo hukufanya kwa nadra. Ukishapanda juu, njia za vibanjani, yaani katika mashamba ya migomba, zinakwenda kwa starehe. Migomba kulia, mibuni ya robusta chini yake, kisha ghafla unatokea rweya, uwanda wa nyasi usio na nyumba, upepo mtupu.

Ubaya ni kwamba kuna siku lazima uvuke. Soko liko upande wa pili.

Kwenye mpando wa kuelekea Kamachumu kutoka Muhutwe nilimkuta mzee akisukuma baiskeli ya mikungu minne, miwili kila upande wa karia, imefungwa kwa mipira ya tyubu iliyochanwa. Alikuwa ameinama, mkono mmoja kwenye usukani, bega likigusa ndizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole na mlima."

Yeye ndiye anayenipa pole! Nilikuwa na baiskeli tupu na bado nilikuwa nimeshuka nasukuma.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu, ili nijue kama ni uvivu wangu. Chukua mpando wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unazokwenda unainuka mita 8. Baiskeli zetu za gia moja husogea kama mita 5 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Mtu wa kilo 75 kwenye baiskeli ya kilo 17 atahitaji kukanyaga kwa nguvu ya wastani inayolingana na kilo 34 hivi, bila kupumzika. Ongeza kilo 60 za ndizi, wastani unafika kilo 57. Na mguu hausukumi sawasawa mzunguko mzima. Pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa haufanyi kitu, kwa hiyo katikati lazima ulipie, na hapo nguvu inayotakiwa inafika karibu kilo 90. Hata ukisimama juu ya pedali kwa uzito wako wote wa kilo 75, baiskeli haiendi. Mzee yule hakushuka kwa sababu ya uzee. Kwa gia aliyonayo, kupanda mlima akiwa kwenye tandiko hakuwezekani, na kusukuma kwa miguu ndiyo gia yake ya pili.

Kushuka kuna hesabu yake, na mimi naiogopa zaidi. Mtu, baiskeli na ndizi, kilo 152 zote pamoja, zikiteremka mita 150 za wima kwa mwendo wa taratibu, breki zinameza karibu nishati yote hiyo ikawa joto. Ni joto la kuchemsha maji baridi ya vikombe viwili vya chai, na zaidi kidogo. Limekusanyika kwenye vipande vya mpira vyenye ukubwa wa kidole gumba. Ndiyo sababu wazoefu huvua kandambili moja, wakaikanyagia kwenye tairi la nyuma kusaidia breki. Mzee alinionya pia nisikamate breki ya mbele peke yake nikiwa na mzigo nyuma: gurudumu la mbele linakuwa jepesi, likijifunga juu ya changarawe linateleza na usukani hautii tena.

Saa ya kuondoka nayo ina sayansi yake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, upepo unatoka pande zote kuelekea majini, hewa yenye unyevu inakutana katikati na kupanda, mawingu yanajengeka. Pepo zinazovuma kutoka mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wetu. Matokeo yake Bukoba hupigwa na radi na mvua alfajiri, wakati sehemu nyingi za nchi husubiri mvua ya mchana, na mji hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Ukivuka migongo kwenda magharibi, kiasi hicho kinapungua haraka sana.

Kwa hiyo sitoki kabla ya saa tatu. Naacha mvua imalize, na udongo unywe. Udongo ulionyeshewa kidogo ni mtamu kuupita kuliko mkavu, kwa sababu maji machache kati ya chembe huzivuta zishikane. Yakizidi, chembe zinaelea, na mfinyanzi wa mabondeni unajaza madigadi mpaka magurudumu yanagoma. Alasiri upepo hugeuka, unatoka ziwani. Ukiwa unarudi Bukoba kutoka Muleba utakupiga ubavuni, kwa hiyo haukusaidii wala haukuzuii sana. Afadhali hewa yetu ni nyepesi: kwenye kimo cha mita 1,200 imepungua uzito karibu asilimia 11 kuliko ya Dar es Salaam, ikakupa njia kwa urahisi kidogo. Oksijeni nayo imepungua kwa kiasi hicho hicho, na mpandoni utaikumbuka.

Kusini mwa mji wa Bukoba, njia moja ya vibanjani hupita Katuruka, penye kumbukumbu za Mfalme Rugomora Mahe na mabaki ya matanuri ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba hapo, na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi ya kuyeyusha chuma walimjengea tanuri na kuifanya tena kwa mivukuto. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mafundi wa zamani wa hapa walitoa chuma cha pua, wakipasha hewa moto kabla ya kuingia kwenye makaa. Hoja ya kupasha hewa ilibishaniwa na wataalamu wengine kwa miaka mingi. Kwamba chuma kilitolewa hapa hakuna ubishi, takataka zake bado ziko ardhini.

Huwa nasimama hapo kunywa maji na kufuta mnyororo. Udongo wa kwetu ni mwekundu kwa sababu mvua za miaka mingi zimeosha madini yanayoyeyuka kwa urahisi na kuacha oksidi za chuma. Kutu ya mnyororo nayo ni oksidi ya chuma. Kitambaa kinatoka chekundu, na sijawahi kujua ni kiasi gani ni barabara na kiasi gani ni baiskeli.