Kakangu Aende Wapi Asubuhi?

Kila asubuhi mimi huvaa sare na kuja shuleni. Kakangu mkubwa, mwenye miaka 23, naye huvaa viatu, huchukua mkoba wake na kusimama langoni. Lakini hana pa kwenda. Darasa lake maalum alilimaliza miaka minne iliyopita. Mama akienda sokoni humfungia nyumbani, na siku nzima roho yake haitulii.

Kakangu ana usonji. Usonji si laana, hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni jinsi ubongo unavyokua tangu utotoni, ukaathiri mawasiliano na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Daktari Leo Kanner alipoueleza mwaka wa 1943, aliandika juu ya watoto 11. Hadi leo wengi hudhani ni jambo la watoto tu. Kumbe mtoto hukua na usonji wake! Kule Uingereza, mwalimu Sybil Elgar pamoja na wazazi walifungua makao ya watu wazima, Somerset Court, mwaka wa 1974.

Sasa mama na wazazi wenzake wanapanga kituo cha mchana, nami ni karani wao. Mkutano wa kwanza uliishia kwenye ubishi: mabati au matofali? Ndipo mama mmoja akauliza, "Wakishafika, saa tatu watafanya nini?" Kimya! Basi tukaacha jengo, tukaanza na siku yenyewe.

Kwanza, ratiba iwe ya picha ukutani: kikombe cha chai, jembe, sahani, gari la kurudi nyumbani. Mwenye usonji hutulia akijua kinachofuata. Mabadiliko ya ghafla humvuruga.

Pili, kazi iwe ya kweli. Hawa si watoto wa chekechea. Kakangu hupanga nyanya mafungu yaliyolingana kuliko mama mwenyewe! Wengine watalima sukuma wiki au kulisha kuku, kila mmoja apendavyo.

Tatu, mahali pawe mbali na kelele za barabara na kinu cha kusaga. Pawe na ua na lango, maana wengine hutoka wakapotea, na chumba kitulivu cha kupumzikia mtu akizidiwa.

Nne, wahudumu wawajue watu wao. Asiyesema huenda akajipiga kichwa kwa sababu jino linamuuma, watu wakadhani ni ukaidi. Tena baadhi yao wana kifafa, kwa hiyo huduma ya kwanza ni lazima.

Tano, saa zifuate kazi za wazazi. Kituo kikifunga saa sita, mama wa sokoni atafaidika nini?

Pesa bado ni chache, lakini haba na haba hujaza kibaba. Tumeazima ukumbi, na tutaanza na watu 6, siku mbili kwa wiki. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima. Heshima hiyo isiishie kwenye karatasi.

Wenzangu, mkimwona kakangu njiani akipunga mikono, msimcheke wala msimkimbie. Msalimuni polepole, mngoje. Picha ya ukumbi nimekwisha kuibandika karibu na kitanda chake. Kila asubuhi huigusa, kisha huenda langoni na mkoba wake.