Vunjajungu na buibui: yupi wa kuogopwa?

Nafundisha sayansi shule ya msingi hapa Busisi, upande wa Sengerema wa daraja jipya la kuvuka kwenda Kigongo. Wanafunzi wangu huwaogopa sawasawa vunjajungu na buibui, wakiamini wote wana sumu. Ukweli ni kwamba mmoja hana kabisa.

Kuna vunjajungu anayefanana na jani kavu, Phyllocrania paradoxa kwa jina la kisayansi. Ana urefu wa sentimita 5 hivi, utosi wake umechongoka, na mwili umekunjamana hadi ukadhani upepo umemwangusha kutoka mtini. Hana sumu. Silaha yake ni miguu ya mbele yenye miiba, anayoikunja kifuani na kuifyatua nzi akisogea. Hukaa kimya, akigeuza kichwa tu kutazama, na kinachompitia karibu ndicho chakula chake.

Buibui ninayependa kuwasimulia ni Evarcha culicivora, aliyepewa jina hilo mwaka 2003. Anajulikana kutoka mwambao wa Ziwa Victoria peke yake, Kenya na Uganda. Hafumi utando wa kunasia. Ana milimita 5 tu, hunyemelea kwa macho makali kisha huruka. Sumu anayo, kama walivyo karibu buibui wote, lakini ni ya kuulia windo dogo.

Tofauti yake na vunjajungu ni kwamba yeye huchagua. Utafiti uliofanyika Mbita, Kenya, na kutangazwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba humpendelea mbu jike aliyeshiba damu. Watoto wake humtambua anofelesi, mbu wa malaria, kwa jinsi anavyoinua tumbo akitua. Humpitia chini ya tumbo hilo na kumrukia. Hata harufu ya soksi iliyovaliwa humvuta, kwa sababu penye watu ndipo penye mbu walioshiba.

Wazazi wenzangu, tuwafundishe watoto kutazama kabla ya kushika ndala. Buibui wa kahawia mwenye alama ya rangi ya machungwa chini ya tumbo, anayejificha kwenye vyombo vilivyotupwa, asiguswe, maana akiuma maumivu ni makali. Lakini mdogo anayerukaruka ukutani aachwe awinde. Chandarua tuendelee kukitumia kila usiku, kwani mwenye kutuletea ugonjwa na msiba katika kanda yetu ni mbu.