Sarafu ya Tundu na Thamani Yake

Wiki hii tuzungumzie kitu kidogo cha shaba, cha mviringo, chenye tundu la pembe nne katikati: sarafu ya kale ya Uchina. Nimekuwa nikizikusanya kwa miaka kadhaa, na kila ninapozionyesha huulizwa kama nimekwisha kuwa tajiri. Hujibu kwamba bado, na sababu yake inafaa kuelezwa.

Shauku yangu ilianza mwaka 2010, niliposoma kwamba wataalamu wa mambo ya kale wa Kenya na Uchina wamefukua sarafu ya namna hiyo huko Mambrui, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Mwaka 2013 ikatangazwa nyingine ya mfalme huyo huyo, iliyopatikana katika kisiwa cha Manda, Lamu. Nikataka kujua zilitengenezwaje na zilifikaje.

Sarafu hizi hazikugongwa kwa nyundo. Shaba iliyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu. Tundu lile lilikuwa na kazi mbili. Kwanza, sarafu nyingi zilichomekwa kwenye ufito wa pembe nne zisizunguke, kingo zake zikasuguliwa kwa pamoja. Pili, zilitungwa kwenye kamba kama shanga, na watu wakahesabu fedha kwa mafungu. Mwaka 621, enzi ya Tang, ilitolewa sarafu yenye maandishi manne, Kai Yuan Tong Bao. Maneno mawili ya mwisho maana yake ni hazina izungukayo, na mtindo huo ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa tuje kwenye bei. Kitu kuwa cha kale si lazima kiwe adimu. Mwaka 1080, enzi ya Song, Uchina ilitoa mafungu yapatayo 5,000,000, na fungu kamili lilikuwa la sarafu 1,000. Hizo ni sarafu mabilioni kwa mwaka mmoja! Ndiyo maana sarafu ya kawaida ya miaka 900 huweza kununuliwa kwa gharama ya chakula cha mchana. Anayetaka kuanza na aanze na hizo, na awe na mizani ndogo. Kai Yuan nzuri ina upana wa milimita 24 hivi na uzito wa gramu 4 hivi. Akiuziwa iliyo adimu kwa bei ya kutupa, ajue huenda ni bandia iliyopakwa kutu ya kijani.

Lakini iko thamani nyingine. Mwaka 1945, huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, ilifukuliwa akiba ya sarafu za Kichina zaidi ya 100, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Sarafu hizo zimetusaidia kujua kwamba pwani yetu ilikuwa ndani ya biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Kama zingegawanywa sokoni moja moja, leo zingekuwa vipande vya shaba tu, maana sarafu peke yake haisemi ilitoka wapi. Inayosema ni ardhi iliyoifunika, pamoja na vigae na mifupa iliyolala nayo.

Msikilizaji mmoja aliniuliza: akiokota sarafu kama hiyo anapochimba msingi, nitainunua? Hapana, ndugu yangu. Usiioshe wala usiisugue. Weka alama mahali ulipoiona, kisha uwaarifu watu wa makumbusho. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa, na Tanzania ina sheria ya kulinda mambo ya kale tangu 1964.

Sarafu za dukani tununue na kufurahia. Za ardhini kwetu ni kurasa za kitabu chetu wenyewe, na ukurasa ukishachanwa haurudi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.