Mgombea wa ubunge wa jimbo: ametoka wapi, na anatanguliza nini?

Kila wakati wa kampeni wagombea wanafika katika ibada zetu. Huyu analeta mabati, yule magitaa ya kwaya, kisha anaomba kuwasalimu waamini kidogo. Sisi wachungaji mara nyingi tumempa nafasi bila kumwuliza hata swali moja. Tueleze basi ni maswali gani yanamfaa anayetafuta kiti katika bunge la jimbo.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Kwa Katiba ya 2006, mbunge wa jimbo anachaguliwa kwa miaka 5. Yeye na wenzake wanapitisha sheria na bajeti ya jimbo, na wanaihoji serikali ya jimbo. Tena wao ndio wanaomchagua gavana na maseneta. Sisi raia hatuwachagui hao moja kwa moja. Sauti yetu inapita mikononi mwa mbunge.

Hapo ndipo penye hatari. Aliyenunua kura zetu kwa kitenge na chumvi atataka kurudisha pesa zake, na siku ya kumchagua gavana atakuwa na kura ya kuuza. Hili si jambo la kuwaza tu. Baada ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023, CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa makosa kama udanganyifu, rushwa na kushika mashine za kupigia kura bila haki.

Ametoka wapi? Katika Kutoka 18, Yethro alimwambia Musa atafute wasaidizi wenye uwezo, wanaomcha Mungu, waaminifu, wanaochukia faida ya udhalimu. Sifa hizo zote zinaonekana kabla mtu hajapata cheo. Kwa hiyo tuwaulize majirani zake: alipotunza pesa za watu, hesabu ilionekana? Wafanyakazi wake wanalipwa? Wakati wa shida alikuwa wapi? Kuwa wa kanisa letu au wa kabila letu hakujibu maswali haya.

Anatanguliza nini? Akisema, «Nitawajengea daraja», tumwulize: kwa pesa gani? Kazi ya mbunge si kujenga, ni kupigia kura bajeti na kufuatilia matumizi yake. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe palepale yanapokusanywa. Lakini kwa miaka mingi majimbo yamelalamika kwamba hayapati fungu hilo. Mgombea anayeijua kazi atatuambia namna atakavyoidai haki hiyo, na namna atakavyombana gavana juu ya shule na barabara, hata kama gavana huyo ni wa chama chake.

Kwa makanisa yetu tunashauri mambo matatu. Tusipokee zawadi ya mgombea wakati wa kampeni. Mimbari ibaki ya Neno. Na wazee wa kanisa waite wagombea wote, nje ya ibada, wawaulize maswali yaleyale na kuandika majibu katika daftari. Baada ya mwaka mmoja, aliyeshinda aitwe tena, na daftari lifunguliwe mbele yake.

Mabati yataota kutu. Miaka 5 ya mbunge mbaya tutailipa sisi na watoto wetu. Bwana atupe hekima ya kuchagua.